Mchagua Gundi Ndiye Fundi: Nakshi za Gita na Hewa ya Delta

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe, sawa. Kwa gundi ya ala za muziki, naomba radhi kwa wahenga: asiyechagua si fundi. Jambo hili nimejifunza kwa hasara, na leo nataka kuwaeleza wasomaji wa Chara, Ngao, Tarasaa, Kipini na popote pwani ambako kuna kijana anayeunda gita kwa mkono, au seremala anayeletewa gita lililoachama na kuambiwa "libandike tu".

Miaka michache iliyopita, katikati ya masika, mzee mmoja alibisha hodi kwenye kibanda changu. Mkononi alikuwa na gita lililofungwa ndani ya leso kuukuu.

"Fundi, hodi."

"Karibu baba, karibu ndani. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hiki kinanda ni cha marehemu ndugu yangu. Tazama hapa ukingoni, kimeachama kama mdomo wa kambare. Nifungie tu. Kijana wangu ana arusi ya kupiga wiki mbili zijazo."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Na lilionekana dogo kweli. Ule utepe mweusi unaozunguka ukingo wa gita ulikuwa umebanduka kiasi cha shibiri moja, na mwanya wake ulikuwa wa kupitisha ukucha. Nikachukua gundi kali ya mirija miwili, ile ya kuchanganya, nikaijaza mwanyani, nikafunga kwa mpira. Kesho yake nikapiga msasa, nikang'arisha. Mzee akafurahi, arusi ikapita.

Kaskazi ilipoingia, gita lilirudi. Uso wake ulikuwa umepasuka kuanzia ukingoni, palepale nilipotia gundi, hadi karibu na tundu. Nilipojaribu kuufungua ukingo ili niingize kiraka kwa ndani, gundi yangu haikuachia. Iling'oka na nyama ya mbao. Makosa yalikuwa mawili na yote yangu: nilifunga kiungo wakati mbao imevimba kwa unyevu, tena kwa gundi isiyofunguka, mahali ambapo iko siku lazima mtu afungue.

Nakshi ina kazi

Watu wengi hudhani nakshi za gita ni pambo tu. Tuzitazame moja moja.

Ukingo ni ule utepe wa mbao, pembe au plastiki unaopita pale uso au mgongo wa gita unapokutana na mbavu. Kwa kawaida una unene wa milimita 2 hivi na kimo cha milimita 6. Mbao hunyonya maji zaidi pale ilipokatwa kichwani kuliko ubavuni. Ukingo hufunika vichwa hivyo vya mbao visinywe unyevu, na hukinga uso, ambao huwa ni mbao laini, usibonyee kila gita linapogusa meza au mlango.

Kando ya ukingo hupita mistari membamba ya nakshi, mweusi, mweupe, mweusi. Hii husaidia kuficha mwachano mdogo wa rangi kati ya mbao mbili, lakini pia huongeza eneo la kushikana.

Ua la tundu ni ile duara iliyonakshiwa kuzunguka tundu la sauti. Kukata tundu katikati ya ubao mwembamba ni kuudhoofisha. Ua lililotiwa kwenye mfuo wake sawasawa, pamoja na kiraka chembamba kwa ndani, huzuia ufa unaoanzia tundu usikimbie.

Utepe wa mgongo hufunika mshono wa katikati, kwa sababu mgongo wa gita huwa ni mbao mbili zilizounganishwa. Na njumu ni vile vipande vya kombe, pembe au mbao ya rangi nyingine vinavyozamishwa kwenye shingo au kichwa. Njumu si mgeni kwetu. Anayezuru makumbusho ya Lamu ataviona viti vya enzi vya mpingo vilivyotiwa vipande vyeupe vya pembe na mifupa kwa ufundi ambao mashine leo inautafuta. Mafundi wa udi nao hutia tepe nyembamba kati ya mbavu za tumbo la ala hiyo. Udi alioupiga marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, ni ala iliyojengwa kwa viungo vya aina hii hii.

Basi ukichagua vibaya gundi ya nakshi, hutapoteza urembo peke yake. Unaweza kupoteza gita.

Mbao haitulii

Mafundi wetu wa majahazi wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Kati ya ubao na ubao wao hutia kalfati, pamba yenye mafuta, kwa sababu wanajua mbao itavimba ikiingia majini na itasinyaa ikipandishwa pwani kavu. Wanaiachia nafasi ipumue.

Gita haliingii majini, lakini hewa yetu ni nusu maji. Mbao hurefuka kidogo sana kufuata nyuzi zake, lakini kwa upana hupanuka na kusinyaa. Uso wa gita una upana wa sentimita 40 hivi pale palipo pana. Unyevu ndani ya mbao ukibadilika kwa asilimia 4 kati ya masika na kaskazi, uso huo unaweza kusogea kwa milimita 2 au zaidi. Unene wake wote ni milimita 2.5 hadi 3. Na juu yake kuna nyuzi sita zinazovuta: nyuzi za chuma huvuta jumla ya kilo 70 hivi, za nailoni kilo 40.

Ndiyo maana sheria ya kwanza haihusu gundi bali majira. Funga sanduku la gita, yaani bandika uso na mgongo kwenye mbavu, wakati wa kiangazi, kuanzia Januari hadi Machi, mbao zako zikiwa zimekaa ndani kwa wiki kadhaa. Gita lililofungwa likiwa kavu, masika yakija litavimba na kututumka kidogo, kisha litarudi. Gita lililofungwa likiwa limelowa, kaskazi ikija litataka kusinyaa na halitakuwa na pa kwenda isipokuwa kupasuka. Kama lazima ufanye kazi wakati wa mvua, weka mbao kwenye sanduku lenye taa ya balbu ya zamani inayotoa joto, uziache siku kadhaa, na uzibandike pindi zinapotoka.

Gundi tunazozipata

Gundi nyeupe ya seremala ndiyo iliyo karibu nasi, iko katika kila duka la vifaa vya ujenzi kuanzia Garsen hadi Malindi. Ni nzuri kwa mbao na mbao. Haina harufu mbaya, husafishwa kwa maji, na ikishikana vizuri, mbao itavunjika kabla ya gundi. Ila ina kasoro mbili. Ikibaki chini ya mvuto kwa muda mrefu huteleza polepole, bila kuonekana. Na joto huilegeza. Gita likifungwa juu ya keria ya matatu saa saba mchana, au kuachwa ndani ya gari lililofungwa, joto linaweza kufika nyuzi 60 au 70, na hapo gundi nyeupe huanza kulainika. Kwa ukingo wa mbao na ua la tundu inafaa, maana hapo hakuna mvuto mkubwa. Kwa daraja la nyuzi siipendekezi.

Gundi ya manjano ni ndugu yake. Hukauka ikiwa ngumu zaidi, huvumilia joto zaidi, na hupigwa msasa bila kunata kama mpira. Ukiipata mjini, nunua hiyo kwa ajili ya ukingo wa mbao. Bei yake ni kubwa kuliko ya nyeupe, lakini gita moja halitumii hata kikombe.

Gundi ya ngozi ndiyo iliyojenga ala za muziki kwa karne nyingi. Hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe, na huuzwa ikiwa chembe kavu. Chukua sehemu moja ya chembe kwa sehemu mbili za maji baridi kwa uzito, iache ilowe hadi ivimbe, kisha ipashe moto ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto. Isipite nyuzi 60 na kidogo. Ikichemka, nguvu yake imekwisha. Huko nchi za baridi mafundi hulalamika kwamba inaganda kabla hawajafunga kiungo. Sisi hewa yetu ya joto inatupa dakika za ziada, hiyo ni bahati yetu. Balaa letu ni kwamba ikishalowekwa huoza haraka, kwa hiyo changanya kidogo ya kazi ya leo. Asiyeipata anaweza kutumia jelatini ya mapishi isiyo na sukari wala rangi, maana ni jamii moja. Anayejali asili yake asome pakiti, kwani nyingine hutokana na nguruwe.

Faida yake kubwa ni mbili. Haitelezi chini ya mvuto. Na inafunguka: ukitia kisu chembamba chenye joto na tone la maji, kiungo kinaachia bila kung'oa mbao. Mjukuu wako ataweza kulitengeneza gita ulilolijenga. Hasara yake ni kwamba joto na unyevu vikija pamoja, huachia kabla hujataka. Ndiyo sababu gita la gundi ya ngozi linahitaji rangi nzuri nje, na lisisahaulike uani wakati wa manyunyu.

Supagluu inakauka kwa kunywa unyevu wa hewani, kwa hiyo kwetu hukauka kabla hujameza mate. Ni msaidizi mzuri kwa njumu ndogo, kwa ukingo wa pembe, na kwa kubana ncha ya utepe iliyoinuka. Lakini ile nyepesi kama maji huingia ndani ya mbao laini na kuacha doa la manjano lisilotoka hata kwa msasa. Kabla ya kuitumia, paka mifuo na kingo shelaki, ile gundi ya wadudu inayoyeyushwa kwa spiriti, mara mbili, iache ikauke. Usiifute kwa pamba, kwani vikikutana hutoa joto kali na moshi. Ikikosewa, asetoni huiyeyusha polepole. Na kwa kiungo kinachobeba mzigo isitumike, maana ni ngumu lakini huvunjika kwa kishindo.

Epoksi, ile gundi ya mirija miwili iliyoniumbua, si mbaya mahali pake. Mahali pake ni pale mbao inapokutana na kitu kisichonyonya maji: kombe, mfupa, pembe, shaba. Pia hujaza mwanya. Ukichanganya na vumbi la mpingo, inaziba pengo kuzunguka njumu na jicho halioni. Chagua ile inayochukua saa nyingi kukauka, kwa maana ya dakika tano huwa dhaifu zaidi. Ila kumbuka kwamba huo ni mkataba wa kudumu. Joto litailainisha, lakini kufikia hapo utakuwa umeunguza rangi na pengine mbao. Usiweke epoksi kwenye kiungo kitakachohitaji kufunguliwa.

Gundi ya fundi viatu, ile ya manjano yenye harufu kali, iache kwa fundi viatu. Haikauki ikawa ngumu, hubaki kama mpira. Ukingo uliobandikwa kwayo hujivuta taratibu hadi ukatoka kwenye mfuo wake.

Swali la kuuliza kabla ya kufungua mkebe

Mimi sasa hujiuliza maswali mawili tu. La kwanza: ni vitu gani viwili vinavyokutana? La pili: je, kuna siku mtu atahitaji kuvitenganisha?

Mbao na mbao ambazo zitatenganishwa, kama uso na mbavu, ni gundi ya ngozi. Mbao na mbao ambazo hazitatenganishwa, kama tabaka za mistari ya nakshi, ni gundi ya manjano au nyeupe. Ukingo wa mbao unaweza kwenda kwa gundi ya ngozi au ya manjano, lakini si epoksi, kwa sababu anayefungua uso lazima aanze na ukingo. Kombe, mfupa au shaba kwenye shingo ni epoksi. Pembe ni supagluu au epoksi, baada ya kuikwaruza na kuipangusa kwa asetoni.

Plastiki ina desturi yake. Gundi nyeupe haishiki plastiki hata kidogo, na hilo ndilo kosa ninaloliona kwenye magita mengi yaliyotengenezwa mitaani. Ukingo wa seluloidi huyeyuka kwa asetoni, kwa hiyo mafundi huloweka vipande vyake ndani ya asetoni hadi vikawa uji, na uji huo ndio gundi. Seluloidi hushika moto upesi, na kadiri miaka inavyopita husinyaa na kujitenga kiunoni mwa gita. Mimi naona hapa kwetu hakuna haja nayo, kwa sababu tunavyo vitu bora kuliko plastiki.

Vitu vilivyo karibu, na vile vya kuviacha

Tuanze na vya kuviacha. Pembe ya ndovu na gamba la ng'amba ndivyo vilivyopamba ala na samani za zamani. Zama hizo zimekwisha. Kenya ilichoma tani 105 za pembe za ndovu Nairobi tarehe 30 Aprili 2016, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamhukumu hata anayeweka vitu hivyo bila kibali. Ukiokota ng'amba aliyekufa ufukweni Kipini, gamba lake si lako. Nawasihi vijana, kipande cha ukubwa wa kidole kwenye kichwa cha gita kisiwapeleke jela.

Mpingo ni kisa kingine. Mti huu unachukua miaka 70 na zaidi kukomaa, na mbao yake ni nzito hata huzama majini. Ukingo wa mpingo ni mgumu, mweusi, na haubonyei. Mwaka 2016 mkutano wa CITES mjini Johannesburg uliweka jamii yote ya mpingo chini ya vibali vya kimataifa, kuanzia Januari 2017, na mafundi wa magita duniani kote wakapata shida kuvusha ala zao mipakani. Mkutano wa Geneva wa 2019 ukalegeza: ala ya muziki iliyokamilika haihitaji tena kibali hicho, lakini mbao ghafi bado inahitaji. Kwa fundi wa hapa, ushauri wangu ni mmoja: usikate mti. Nenda kwa wachongaji wa vinyago wa Changamwe au Malindi ukanunue mabaki yao. Utepe wa ukingo ni mwembamba, na kipande ambacho mchongaji angekitupa motoni kinatosha magita mawili. Kwa sababu mpingo una mafuta, upanguse kwa asetoni dakika chache kabla ya kubandika, la sivyo gundi yoyote itateleza juu yake. Vaa kitambaa puani, maana vumbi lake huwasha na kuumiza mapafu.

Mwembe tunao kila shamba kandokando ya mto. Tumeuzoea kwa mitumbwi na kuni, lakini mbao yake ina mistari mizuri ya kahawia na kijani, na inafaa mbavu, mgongo, hata ukingo wenyewe. Adui zake ni bungo na ukungu. Upasue mapema baada ya kuukata, uupange na vijiti katikati hewa ipite, na usiutumie kabla haujakauka sawasawa.

Pembe ya ng'ombe haina uhaba Garsen. Ichemshe hadi ilainike, ikate kwa urefu, ibane kati ya mbao mbili hadi ipoe ikiwa bapa, kisha ikate tepe. Nyeusi yake inashindana na mpingo, na ya maji ya kahawia huwapumbaza watu wakadhani ni ng'amba. Mfupa wa mguu wa ng'ombe, uliochemshwa na kuondolewa mafuta, hutoa njumu nyeupe na vidaraja vya nyuzi.

Kifuu cha nazi kimepinda, kwa hiyo hakitoi utepe mrefu, lakini vipande vidogo hupanga ua la tundu zuri sana. Kokwa la koma likikauka kabisa ni gumu na jeupe kama pembe, na linafaa kwa nukta za shingoni. Kombe la chaza lililobaki jikoni hutoa njumu inayometa. Lisugue likiwa limelowa maji, kwani vumbi lake kavu ni sumu ya mapafu.

Jaribu kabla hujabandika

Usiniamini mimi, wala mkebe. Chukua vipande viwili vya mbao ile ile utakayotumia, vibandike, viache siku nzima, kisha vivunje kwa mkono. Kama nyuzi za mbao zimeng'oka, gundi ni nzima. Kama vimeachana pale pale kwenye mstari wa gundi, vikiwa safi, basi gundi ni kuukuu, au mbao ina mafuta, au hukufunga kwa nguvu.

Kisha fanya jaribio la pwani. Bandika vipande vingine viwili, viweke ndani ya debe lililofunikwa, liache juani tangu saa nne hadi saa kumi. Gundi itakayolegea humo italegea pia juu ya keria.

Siku ya kazi yenyewe, pinda utepe wako juu ya bomba la chuma lenye moto, ukiwa umeulowesha kidogo, hadi ukubali umbo la kiuno cha gita kabla ya kutia gundi. Utepe unaolazimishwa kwa kamba utajitahidi kurudi miaka yote. Ujaribu mkavu kwenye mfuo wake, hakikisha unakaa bila kusukumwa. Paka gundi kidogo, funga kwa tepe zilizokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, anza kiunoni uende pembeni. Gundi ikitoka kidogo kila mahali, umepima sawa. Iache hadi kesho. Haraka ya wiki mbili ndiyo iliyoniponza mimi.

Kwa nini tujisumbue

Kuna watakaosema gita la dukani Mombasa ni rahisi, ya nini taabu yote hii? Jibu langu ni kwamba gita la dukani halikujengwa kwa hewa hii, na likiachama hakuna wa kulifungua kwa sababu hakuna ajuaye limefungwa kwa nini. Sauti ya wimbo wa taifa wa Kenya, uliopokewa mwaka 1963, ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Nchi nzima husimama kwa sauti iliyotoka kwenye mto huu. Si haki watu wa mto huo washindwe kujua ala yao imeshikwa na nini. Naomba vyuo vya ufundi vya kaunti vinavyowafunza vijana kutengeneza vitanda na milango viongeze mwezi mmoja wa ala. Benchi, patasi na msasa ni vile vile.

Na gita la mzee? Nilimweleza ukweli wote, kwamba aliyelipasua ni mimi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi mwanangu, lililopita limepita. Lakini safari hii usiharakishe." Nilingoja Februari. Nikatoa uso wote uliopasuka, nikaweka mpya wa saipresi iliyokauka, ukingo wa mabaki ya mpingo, ua la kifuu cha nazi, na gundi ya ngozi niliyoipika mwenyewe kibandani. Ndani ya gita, pale ambapo mtu ataona tu akichungulia kwenye tundu, nikaandika kwa penseli mwezi, mwaka na aina ya gundi.

Masika mawili yamepita. Ukingo haujaachama. Ukija kuachama, fundi atakayelipokea atasoma maandishi yale, atachemsha maji, na ataufungua bila kung'oa hata unyuzi mmoja wa mbao.